Vipimo vya kijani, tairi limetoa waya: kisa cha sedani nzito ya umeme

Mwenye gari alinikabidhi karatasi kabla hajanikabidhi funguo. Ilikuwa karatasi ya wili alaimenti, yaani vipimo vya mkao wa magurudumu, kutoka gereji nyingine, na kila namba iliyoandikwa humo ilikuwa ya kijani, maana yake iko ndani ya mpaka wa kiwanda. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kuchagua maneno, na ilionekana wazi kwamba ameumia moyoni.

"Fundi, nimeambiwa gari halina tatizo. Nimeambiwa magari ya umeme ni mazito ndiyo maana yanakula tairi, na kwamba mimi nalikanyaga mno. Nimeendesha miaka 38. Sijawahi kutoa waya kwenye tairi nikiwa na kilomita 19,400."

Nilimjibu, "Mzee, niachie gari siku mbili. Na karatasi hiyo niachie pia."

Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu jibu alilopewa nalisikia mara kwa mara, na ni nusu ya ukweli. Gari la umeme la kifahari ni zito kweli, na uzito unakula tairi kweli. Ila uzito haujui kula upande mmoja wa tairi ukauacha wa pili. Tairi likiliwa upande, kuna kosa jingine limetangulia, na uzito umelikuza. Fundi akisema "ni uzito" akaishia hapo, kosa lenyewe linabaki ndani ya gari na mwenye gari anarudi nyumbani na lawama isiyo yake.

Hali ya gari lilipofika

Lilikuwa sedani kubwa, mota moja nyuma, kilo 2,500 na ushei bila abiria, springi za upepo pande zote nne, rimu za inchi 21, matairi manne ya saizi moja. Matairi yalikuwa yale yale yaliyotoka na gari kiwandani, na mapya huwa na mifereji yenye kina cha milimita 7.5.

Nililipandisha kwenye lifti nikapima kila tairi mahali patatu: ndani, katikati, nje. Ya mbele yalikuwa na milimita 5.1, ndani mpaka nje, bila tofauti ya maana. Ya nyuma yalisema habari nyingine. Katikati 3.9, nje 4.3. Ndani kulia 1.6, usawa wa vile vinundu vidogo vilivyomo mferejini vinavyoonyesha tairi limefika mwisho. Ndani kushoto 1.0, na pembeni kabisa, nje ya mfereji wa mwisho, waya zilikuwa zimechungulia kwa urefu wa kiganja.

Ukisimama nyuma ya gari hilo ukiwa umelishusha chini, huoni kitu. Upande wa nje ni mzuri, kashata (vile vipande vya mpira vinavyogusa lami) zipo, mtu anayekagua kwa macho ataondoka ameridhika. Hili ndilo linalonitisha kwenye magari haya. Tairi pana, rimu kubwa, bodi imefunika gurudumu mpaka karibu na ukingo, na sehemu inayokufa iko gizani. Mwenye gari alikuwa amesafiri na familia yake kwenye barabara kuu wiki moja kabla, tani mbili na nusu juu ya tairi lililotoa waya. Nilimwonyesha kwa tochi. Alikaa kimya kwa muda.

Kabla ya kugusa boliti yoyote, mimi hufanya hesabu ya milimita. Mbele kumeliwa 2.4. Nyuma katikati kumeliwa 3.6. Nyuma kushoto kwa ndani kumeliwa 6.5. Kwa hiyo zile 2.4 nikazihesabu kuwa ni bei ya uzito na ya kuendesha kwa kawaida. Nyongeza ya 1.2 kwa nyuma ni ya mota, kwa kuwa magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma gari na ndiyo yanayolishika lisiende. Zile 2.9 zilizobaki, zilizoliwa upande mmoja tu, hazina pa kwenda ila kwenye mkao wa gurudumu. Hesabu hii haina usahihi wa maabara. Mbele na nyuma hakubebi mzigo sawa, na mbele ndiko kunakokata kona. Hata hivyo inakuambia pa kuanza kutafuta. Kwa kasi ya mbele, tairi lingefika milimita 1.6 baada ya kilomita 47,000 hivi. Kwa kasi ya nyuma katikati, kilomita 31,000 na kitu. Kwa kasi ya ule upande wa ndani kushoto lilikuwa limeshaisha kabla ya kilomita 18,000. Yaani aliyekuja kwangu na malalamiko ya matairi manne alikuwa na mawili yanayozeeka kama yanavyotakiwa.

Uzito unachofanya, na usichofanya

Niupe uzito haki yake. BMW i7 xDrive60 ina zaidi ya kilo 2,600, na ndugu yake wa petroli 740i, mwenye umbo karibu lile lile, anazidiwa kwa kilo 600 hivi. Tofauti hiyo ni sawa na kubeba watu saba wazima kila siku bila kuwashusha. Mpira unaogusa lami chini ya kila tairi hauzidi sana kiganja cha mkono, na kila kitu gari linachofanya kinapitia hapo.

Ulaji haukui sambamba na nguvu. Mwaka 1960 Schallamach na Turner, waliokuwa wakichunguza msuguano wa mpira, walionyesha kwamba gurudumu linapokata kona ulaji hufuata takriban mraba wa nguvu ya upande. Chukua tairi lile lile, kona ile ile, mwendo ule ule, ongeza uzito wa gari kwa robo. Ulaji hauongezeki kwa robo. Unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana watengenezaji wa matairi hawakuweza kuendelea na matairi ya zamani. Mwaka 2021 Pirelli walitoa kwa ajili ya Lucid Air tairi lenye alama ya HL, linalobeba mzigo wa asilimia 20 zaidi ya tairi la kawaida la saizi hiyo hiyo. Lakini tairi moja haliwezi kuwa bingwa wa yote. Lile linalotakiwa kubeba sana, kunyamaza, kushika lami kwenye mvua na wakati huo huo kubingirika kwa wepesi ili betri ifike mbali, mara nyingi linalipia kwa umri wake.

Halafu kuna breki ya kurudisha umeme. Kwenye gari la petroli, ukitoa mguu gari linapungua mwendo polepole, na ukikanyaga breki sehemu kubwa ya kazi inafanywa na magurudumu ya mbele. Kwenye gari hili lenye mota nyuma peke yake, mguu ukiachia pedali, mota inageuka kuwa jenereta na magurudumu mawili ya nyuma ndiyo yanayolishikilia. Kulisimamisha gari la kilo 2,600 kutoka kilomita 60 kwa saa ni nishati ya kilojuli 360, na kwa dereva anayetumia pedali moja karibu zote zinapita kwenye viganja viwili vya mpira. Kisha taa inawaka kijani na viganja vile vile vinazirudisha kuliondoa gari. Mzee alikuwa ameiweka breki hiyo kwenye kiwango cha juu kabisa tangu siku ya kwanza, kwa kuwa alielezwa kwamba inaokoa umeme. Hakukosea. Alichokuwa hajaelezwa ni nani anayelipa.

Yote haya yanaelezea kwa nini tairi la nyuma linaisha mapema kuliko la mbele. Hakuna hata moja linaloelezea kwa nini liishe kwa ndani.

Kilichosemwa na kiganja

Upepo ulikuwa sawa na kibandiko cha mlangoni. Ungekuwa mdogo, tairi lingeliwa mabegani pande zote mbili. Ungezidi, lingeliwa katikati.

Kisha nikapitisha kiganja juu ya kashata za tairi la nyuma kushoto, kutoka ndani kwenda nje. Laini. Nikarudi kutoka nje kuingia ndani. Zikanikwaruza, kila moja ina ukingo mkali kama jino la msumeno. Mkwaruzo wa namna hiyo una maana moja: gurudumu lilikuwa likitazama nje huku gari likienda mbele. Mafundi tunauita mkao huo tou ya nje. Gari linalivuta gurudumu moja kwa moja, lenyewe linataka kwenda pembeni, na kila kashata inayofika chini inajikunja, inavutwa, inaachia kwa kuteleza. Bega la ndani ndilo linalobebeshwa zaidi, kwa hiyo ndilo linaloisha.

Wengi wakiona tairi limeliwa kwa ndani hutaja kwanza kemba, ule mlalo wa gurudumu juu kuingia ndani. Magari haya yana kemba nyingi nyuma, ni kweli, na inachangia. Lakini kemba peke yake, ikiwa tou iko sawa, hula polepole. Na kemba haiachi meno ya msumeno. Kiganja kilikuwa kimeshanijibu.

Nilipoteza muda kwenye bushi, ile mipira ya kwenye viungo vinavyoshika gurudumu. Gari liliwahi kugonga shimo likiwa na kilomita 5,200, ndipo lilipopelekwa kupimwa mara ya kwanza, kwa hiyo nilitarajia kukuta bushi imechanika au mkono wa sasupenshoni umepinda. Nilitumia mtaimbo kila mahali, nikakagua kila kiungo. Zilikuwa nzima kama za gari jipya.

Basi nikaliendesha mtaa mmoja, nikalirudisha, nikaliweka kwenye mashine likiwa kwenye kimo chake cha kawaida. Kiwanda kinataka kila gurudumu la nyuma litazame ndani kwa digrii 0.10. La kushoto lilikuwa likitazama nje kwa digrii 0.18, la kulia nje kwa 0.12. Nyekundu, nyekundu. Kemba ilikuwa ndani ya mpaka, tena ndogo kuliko nilivyozoea kuiona, 1.2 tu.

Digrii 0.18 ni kitu ambacho jicho haliwezi kuona. Ila kama tairi lingekuwa chuma kisichojikunja, pembe hiyo ingeliburuza pembeni mita 3.1 katika kila kilomita moja. Mpira unajikunja na kumeza sehemu ya mburuzo huo, na sehemu inayobaki inageuka vumbi. Kwenye gari dogo la kilo 1,100 kosa la kiasi hicho lingekula tairi taratibu, pengine mwenye gari asingeligundua mpaka siku ya kubadilisha. Hapa liko chini ya gari zito zaidi ya mara mbili. Zaidi ya hapo, kila mota inaposhika gari, bushi zinajikunja kidogo na gurudumu linaweza kutazama nje zaidi.

Sasa nina karatasi mbili za gari moja. Ya gereji ya kwanza inasema kushoto ndani 0.09, kulia ndani 0.14, kila kitu kijani. Yangu ni nyekundu. Mashine yangu ilikuwa imesawazishwa mwezi huo, na sikuwa na sababu ya kudhani yao ni mbovu. Nilikaa na karatasi ile nikaisoma tena polepole. Juu kabisa, mahali pa kuandika kimo cha gari kwa kila gurudumu, palikuwa patupu.

Magoti ya mzee

Nilimpigia simu. "Shikamoo mzee. Hivi unapozima gari na kufungua mlango, gari linashuka?"

"Marahaba. Linashuka, ndiyo. Niliiwasha hiyo kwa sababu ya magoti yangu. Kupanda na kushuka kunanisumbua."

Hapo kisa kikafunguka. Gari lile lina uwezo wa kujishusha milimita 40 linapozimwa na mlango kufunguliwa, na haliinuki tena mpaka milango ifungwe na lianze kutembea. Fundi analiingiza kwenye mashine, anazima, anafungua mlango, anashuka, anaufunga. Gari limeshalala. Kuanzia hapo anapima na kurekebisha gari lililochuchumaa.

Sasupenshoni ya nyuma ya magari mengi ya namna hii imeundwa ili gurudumu linapopanda kuelekea kwenye bodi ligeuke kidogo kutazama ndani. Hiyo ndiyo inayoleta utulivu wa gari kwenye kona. Kwa hiyo gari likishuka, tou ya ndani inaongezeka yenyewe. Fundi wa kwanza aliiona imezidi, akaipunguza mpaka namba zikawa kijani. Kazi yake ilikuwa safi kwa gari lililolala. Gari lilipoinuka kwenda barabarani, ile tou aliyoiondoa ikawa deni, na magurudumu yakatazama nje. Kemba nayo ilipunguzwa kwa namna hiyo hiyo, ndiyo maana niliikuta ndogo.

Nilitaka uthibitisho usiobishaniwa. Nikalishusha gari milimita 40 likiwa juu ya mashine yangu bila kugusa boliti. Kushoto ndani 0.10. Kulia ndani 0.14. Karatasi ya kijani ikawa imezaliwa upya mbele yangu, ikitofautiana na yao kwa digrii moja ya mia kwenye gurudumu moja.

Kulikuwa na jambo jingine lililonisikitisha zaidi. Gari lilipofika kilomita 11,000 mzee alisikia mlio wa mvumo nyuma, akarudi gereji ile. Walilipima tena, likiwa limelala tena, likawa kijani tena, na ndipo alipoambiwa aache kulikanyaga. Alitii. Mpaka siku hiyo alikuwa akitumia hali ya sporti kwenye safari zake nyingi. Kuanzia hapo akabaki kwenye komfoti tu, na akapunguza safari za barabara kuu. Sasa, kwenye sporti gari hili hushuka milimita 15, na barabara kuu likishika kasi hushuka vivyo hivyo. Nilipima kwenye kimo hicho: gurudumu la kushoto linatazama nje kwa digrii 0.08, chini ya nusu ya lile kosa. Kwenye komfoti linarudi kwenye 0.18 kamili. Mzee wa watu alijitahidi kulitunza tairi, na kila kilomita ya kujitahidi ilikuwa kwenye mkao mbaya kuliko wote.

Marekebisho

Kazi yenyewe haikuchukua saa mbili. Nililiendesha, nikafunga milango, nikapima kwa futi kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, nikalinganisha na kimo cha kiwandani, nikakifunga kimo hicho kwa kompyuta ya uchunguzi. Ndipo nikalegeza boliti. Tou ikarudi ndani 0.10 kila upande, kemba 1.5 kila upande. Baada ya kukaza nikalishusha milimita 15 nikaangalia kinachotokea: tou ikapanda hadi 0.20 ndani, jambo la kawaida kwa muundo wa gari hili.

Matairi mawili mapya ya nyuma yalikuwa na mjadala wake. Mzee alikuwa ameshanunua mawili ya saizi hiyo hiyo, yenye namba ya mzigo 99. Hiyo ni kilo 775 kwa tairi. Gari likijaa watu na mizigo, ekseli ya nyuma inaruhusiwa kubeba kilo 1,650, yaani 825 kila tairi, ambayo ni namba 101 kwa uchache. Nilikataa kuyafunga. Saizi iliyoandikwa ubavuni haitoshi kwa magari haya. Namba ndogo inayofuata baada yake ndiyo inayosema kama tairi litalistahimili gari. Aliyarudisha akaleta yenye mzigo sahihi.

Nilimwomba pia ashushe breki ya kurudisha umeme hadi kiwango cha kati. Hakupenda mwanzoni, alikuwa amezoea pedali moja. Nilimwambia ajaribu wiki moja, na hajairudisha juu. Uwezo wa kushuka mlangoni nilimwachia. Magoti yake hayahusiki na kosa la mtu mwingine. Nilichofanya ni kuandika kwenye kitabu cha huduma cha gari, kwa kalamu nyekundu: kabla ya kupima, funga milango, tembeza gari, pima kimo.

Kwa kuwa matairi yote ni ya saizi moja, tulikubaliana kuyabadilishana mbele na nyuma kila kilomita 8,000. Magari mengi ya daraja hili hayana nafasi hiyo. I7 yenye rimu za inchi 21, kwa mfano, ina tairi za upana wa 255 mbele na 285 nyuma, na za nyuma zitafia nyuma.

Baada ya kilomita 6,000 alirudi kukaguliwa. Nyuma kushoto: ndani 6.4, katikati 6.5, nje 6.5. Kiganja kilipita kwenda na kurudi bila kukwaruzwa. Kwa kasi hiyo atafika kilomita 32,000, na nilimwambia wazi asitarajie 60,000 kama kwenye gari lake la zamani. Sehemu hiyo kweli ni ya uzito, na hakuna alaimenti itakayoiondoa.

Fundi wa gereji ya kwanza nilimpigia mwenyewe, na nikamtumia karatasi zote mbili. "Kaka," aliniambia, "mashine inauliza kimo, lakini ukibonyeza inaruka. Sisi huwa tunaruka." Wiki iliyofuata alinipigia tena. Alikuwa amewaita wateja wawili wenye magari ya springi za upepo aliowapimia mwaka huo, na mmoja wao alikuwa na meno ya msumeno kwa ndani.